Dakika Mbili Kabla ya Kengele

Saa tisa kamili alasiri, Jumatatu tarehe 3 Februari, Materoa aligonga kengele ya banda la kukatia kondoo manyoya la Rimuroa, mashine tatu zikanyamaza moja baada ya nyingine, naye akamimina vikombe saba vya chai. Watu walikuwa sita.

Aliliona kosa alipofika kwenye kikombe cha saba, kile cha bati chenye utepe mweusi kwenye mpini. Hakuirudisha chai kwenye birika. Alikiweka kikombe mwisho wa benchi, upande wa dirisha, kikafuka mvuke peke yake mpaka kikapoa. Saa tisa na nusu alikimwaga nje ya mlango, akagonga kengele tena, watu wakarudi kwa kondoo.

Mwenye kikombe alikuwa mdogo wake, Hohepa, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, mkataji wa nafasi ya kwanza kati ya nne za banda, kila moja na mashine yake na mlango wake wa zizi. Alikuwa amepanda ndege Jumamosi kwenda Australia Magharibi. Kwa miaka kumi na minne walikuwa wamefanya kazi kwenye kikosi kimoja, kaka akikata manyoya, dada akiyachambua mezani na kutunza saa. Siku ya banda ina vipande vinne vya saa mbili mbili, na kati ya vipande hivyo kuna chai ya asubuhi, chakula cha mchana na chai ya alasiri. Kila chai ni nusu saa. Mtu asiyefanya kazi hii hudhani nusu saa ni ya kunywa chai. Chai hunywewa kwa dakika nne. Zinazobaki ni za kutazamana.

Aliyekuwa akitazama ni Hohepa. Alikaa dirishani, miguu juu ya benchi, mkate wa kukaanga mkononi, akimdhihaki huyu na yule, na huku akiangalia kila mtu anavyoketi. Aliyejishika kwenye meza kabla ya kukaa, huyo mgongo wake ulikuwa njiani kuharibika. Aliyeshika kikombe kwa mkono wa kushoto, kifundo cha kulia kilikuwa kimevimba. "Binamu," angesema bila kugeuza kichwa, "hiyo mashine yako inakunywa damu yako, leta nikunolee." Materoa hakuwahi kuandika jambo hili popote, ingawa aliandika mambo mengi. Alilijua kama mtu anavyojua kwamba nyumba ina paa.

Kilichotokea tarehe 17 Januari alikuwa amekiandika.

Siku hiyo walikuwa wanakata manyoya ya wanakondoo. Juu ya mlango wa nafasi ya kwanza, kwa rangi nyekundu, pameandikwa jina la baba yao na namba 400, wanakondoo wa siku moja, mwaka 1974. Hakuna aliyeifikia tena katika banda hilo. Kufikia chai ya alasiri Hohepa alikuwa na wanakondoo mia tatu, na watu walianza kuongea kwa sauti ya chini kama wako kanisani. Wakiwa bado mezani upepo uliangusha nguzo barabarani na umeme ukakatika. Bwana Douglas, mwenye shamba, akawasha jenereta lake, Materoa akaiweka sawa saa ya ukutani iliyokuwa imesimama, na kipande cha mwisho kikaanza kama kawaida saa tisa na nusu.

Sheria ya kengele ni moja na kila mtoto wa banda anaijua. Kondoo uliyekwisha kumtoa kwenye mlango wa zizi kabla ya kengele ni wako. Kengele ikilia, unammaliza, na anahesabiwa. Kama bado yuko ndani, unamwacha.

Hohepa alimaliza wa mia tatu tisini na tisa, akajitupa mlangoni, akashika kidevu cha wa mia nne. Mwanakondoo alikuwa bado yuko ndani ya mlango. Mshale wa sekunde ulifika kumi na mbili. Materoa akagonga.

"Dada," Hohepa alisema, mkono bado umeshika kidevu.

"Saa kumi na moja na nusu."

"Dada, angalia mkono wangu uko wapi."

"Nimeuona. Mwanakondoo yuko ndani. Mwache."

Watu wote walikuwa wamesimama wakiwatazama. Hohepa alimwacha mwanakondoo. Hakupiga kelele wala hakutupa kitu. Jumatatu iliyofuata, wakati wa chai, alichukua kikombe chake akaenda kusimama kwenye jiwe la kunolea, akiwapa mgongo. Alifanya hivyo siku kumi za kazi, chai mbili kwa siku. Siku ya kumi alikiosha kikombe, akakifudikiza juu ya meza, akaondoka.

Materoa hakuomba radhi, kwa sababu hakuona kosa. Saa ilikuwa imefika. Alijiambia hivyo mwezi mzima wa Februari, na kila siku mkono wake ulimimina kikombe cha saba kabla kichwa hakijauzuia.

Meza nayo ilianza kuvunjika. Hakuna aliyegombana na mtu. Mapacha kutoka Ruatoria, wakataji wa nafasi ya tatu na ya nne, ambao hata kabla ya hapo maneno yao yalikuwa machache, walizoea kunywa chai garini. Rongo, mfungaji wa marobota, alilala juu ya manyoya na kofia usoni. Tipene, binamu yao, mkataji wa nafasi ya pili, aliambiwa ahamie ya kwanza akakataa. Alikaa mezani na Materoa na Shangazi Heni, mpishi na mfagiaji, akijaribu kuchekesha benchi tupu. Tarehe 19 Februari, kwenye banda jingine, aliinama kumchukua kondoo na hakuinuka. Alikaa nyumbani siku nne.

"Ilianza lini?" Materoa alimuuliza aliporudi.

"Kama wiki mbili hivi."

"Mbona hukusema?"

"Kwani mimi nilijua? Nilikuwa nasikia uchovu tu." Tipene alijishika kwenye meza, akakaa. "Yule mchawi wetu ndiye alikuwa anatuambia tunaumwa. Sasa tunaumwa kimyakimya, kama kondoo."

Kikosi kilirudi Rimuroa tarehe 10 Machi kwa kazi ya kondoo majike, ya wiki nne. Kesho yake, Jumanne, saa tatu asubuhi, tufani iliangusha nyaya tena. Bwana Douglas akawasha jenereta. Saa sita mchana kwa saa ya ukutani Materoa aligonga kengele, akavua aproni, akaanza kunawa mikono. Alikuwa bado ananawa wakati redio ya taifa, iliyokuwa juu ya dirisha na ikitumia betri, ilipotoa milio yake sita ya saa kamili.

Materoa alisimama na mikono ikichuruzika maji. Kila siku milio ile na kengele vilikuja pamoja. Alikuwa anairekebisha saa ya ukutani kwa milio hiyo hiyo, na asubuhi ile, saa nne, jenereta likiwa limeshawaka, alikuwa ameirekebisha.

Alimfuata Bwana Douglas kwenye kibanda cha jenereta.

"Hiyo saa ya ukutani inaendeshwa na nini?"

"Umeme tu. Ni ya zamani, ya babu. Imechomekwa moja kwa moja." Bwana Douglas alipangusa mikono kwa kitambaa. "Inahesabu mapigo ya umeme. Umeme wa gridi unapiga sawasawa. Hili langu linakimbia kidogo. Taa hazijali, lakini saa itakimbia nalo."

"Kwa kiasi gani?"

"Sijawahi kupima. Nani anapima?"

Materoa alipima. Jumapili tarehe 16 alirudi peke yake na saa ya mkononi na daftari, akamwomba Bwana Douglas awashe jenereta kwa saa mbili. Saa ya ukutani ilitangulia kwa sekunde ishirini na tisa. Alimwomba awashe tena baada ya chakula: thelathini na moja. Alasiri: ishirini na nane. Bwana Douglas alimwambia dizeli si maji. Materoa alimshukuru, akafunga daftari.

Tarehe 17 Januari jenereta liliendesha saa ile kwa saa mbili kamili, kuanzia saa tisa na nusu. Redio haitoi milio kwenye nusu saa, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Kengele ililia karibu nusu dakika kabla ya wakati wake. Kumtoa mwanakondoo mlangoni kunachukua sekunde nne.

Alikaa kwenye benchi, upande wa dirisha, mahali ambapo hakuwa amekaa hata siku moja. Kutoka pale meza yote ilionekana, kila kiti, kila mkono.

Usiku ule alimpigia Hohepa. Hakupatikana. Alipiga usiku tisa mfululizo.

"Acha kujichosha," Tipene alimwambia kwenye chai ya Jumatatu tarehe 31. Yeye mwenyewe alikuwa amekata kwenye banda hilo hilo analokata Hohepa, kusini mwa Perth, mwaka uliopita. "Wanapolala hakuna mtandao. Chakula cha mchana wanakula kwa mpishi, huko nako hakuna. Mtandao uko chumba cha chai tu, bandani."

"Mwandikie basi," Rongo alisema kutoka juu ya manyoya, kofia ikiwa usoni. "Vidole unavyo."

"Nilimkatalia mbele ya watu wote," Materoa alisema. "Siwezi kumwambia nilikosea kwa kidole gumba."

Rongo aliondoa kofia usoni. Katika miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kumsikia Materoa akitamka neno lile, nilikosea, kuhusu saa. Basi akawaeleza yote: jenereta, milio, vipimo vitatu. Aliwafungulia daftari. Shangazi Heni alitafuta miwani, akasoma namba, akaivua.

"Kwa hiyo mtoto wa watu ameibiwa mwanakondoo na dizeli," alisema. "Na wewe ukawa shahidi wa dizeli."

"Ndiyo, Shangazi."

"Halafu sasa?"

Tipene alichovya kidole kwenye unga uliomwagika mezani, akachora mistari miwili. "Kule wako nyuma yetu saa tano. Chai yao ya asubuhi inaanza saa tatu na nusu, inaisha saa nne. Saa nne yao ni nini kwetu?"

"Saa tisa," alisema mmoja wa mapacha. Wote waligeuka, kwa kuwa hawakuwa wamemwona akiingia.

"Saa tisa! Kengele inayomfukuza yeye mezani ndiyo inayotuleta sisi. Kama walinzi wanaopokezana lindo. Sisi tukiketi, yeye ndiyo anainuka."

"Chai yao ya alasiri je?" Rongo aliuliza.

"Kwetu ni saa mbili usiku. Wewe saa mbili usiku uko wapi?"

"Hilo halikuhusu."

"Haya. Na Jumapili hii, kiangazi kikiisha, saa za nchi yetu nzima zinarudishwa nyuma saa moja, za kule haziguswi. Kuanzia Jumatatu yeye atakuwa amemaliza chai saa nzima kabla yetu. Hata ukingo hautagusana."

Materoa alikuwa anajua yote hayo. Alikuwa ameyaandika ukurasa unaofuata.

"Basi gonga mapema," Shangazi Heni alisema. "Kengele si yako?"

"Kengele si yangu. Ni ya saa."

"Mwanangu, hiyo saa yako ilishikwa na wazimu ukaitii. Leo ina akili timamu, tunakuomba uikatae dakika moja, unatuletea dini."

"Si dini. Wakataji wanalipwa kwa kondoo. Nikigonga mapema nawaibia wao." Aliwatazama Tipene na yule pacha. "Nimeshaiba mara moja."

Tipene alipiga hesabu kwa macho yaliyofumbwa. "Dakika moja kwa watu watatu…"

"Dakika moja hata salamu haitoshi," alisema Shangazi Heni. "Mbili."

"Dakika mbili ni kondoo mmoja na mguu. Mimi huo mguu nautoa sadaka." Tipene aliwageukia mapacha, maana sasa wa pili naye alikuwa mlangoni. "Nyinyi mabubu je?"

Mapacha walitazamana. "Atapokea?" aliuliza wa kwanza.

 Tipene ndiye aliyesema, akiangalia kikombe chake. Rafiki yake aliye kule alikuwa amemwambia kwamba Hohepa haketi na watu. Anachukua chai anakwenda kusimama kwenye jiwe la kunolea, nje ya chumba, ambako mtandao haufiki. Ujumbe ungemfikia akipita kujimiminia chai. Kupokea simu ni mpaka aingie aketi.

"Mwandikie wewe," Materoa alisema. "Mwambie Ijumaa, dakika mbili kabla ya kengele yake, simu itapigwa kutoka mezani. Usimwambie kwa nini."

Tipene aliandika. Siku ya Jumanne ujumbe ulionekana umesomwa. Jumatano hakukuwa na jibu, na Alhamisi vilevile.

Ijumaa tarehe 4 Aprili saa sita mchana Materoa aliirekebisha saa ya ukutani kwa milio ya redio. Umeme ulikuwa wa gridi. Saa nane na dakika hamsini alimimina maji ya moto kwenye birika. Saa nane na dakika hamsini na sita alianza kupanga vikombe, na safari hii alivihesabu kwa sauti mpaka saba. 

Saa nane na dakika hamsini na saba Tipene alimaliza kondoo wake. Zizi lake lilikuwa limejaa. Mlango ulikuwa hatua mbili kutoka alipo, na alikuwa na muda wa kumtoa mwingine bila wasiwasi. Alizima mashine, akaitundika. Mapacha nao wakazima. Kwa kumbukumbu ya watu waliokuwepo, mashine za Rimuroa hazikuwa zimewahi kunyamaza kabla ya kengele. Kondoo waligeuza vichwa.

Walikaa kwa mpangilio wao wa zamani, wa nafasi ya pili, ya tatu, ya nne, Rongo akifuatia, mikono yake imejaa mafuta ya manyoya. Materoa aliegemeza simu kwenye kikombe cha bati mwisho wa benchi. Saa nane na dakika hamsini na nane alibonyeza, wote wakasikia inaita.

Iliita mara sita. Ya saba.

"Nani amekufa?" ilisema sauti ya Hohepa.

Nyuma yake vijiko viligonga vikombe, na watu walicheka kwa jambo jingine.

"Hakuna," Materoa alisema. "Tuko mezani. Wewe uko wapi?"

"Nimekaa."

Tipene, ambaye alikuwa amesimama kumpisha Shangazi Heni, aliketi.

"Nani huyo amekaa kama mzee wa miaka tisini?" sauti iliuliza.

"Mimi, binamu."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Unamburuta kondoo kwa mkono mmoja, nimekukataza tangu zamani. Peleka mguu wa kulia mbele kabla hujainama. Na uache kucheka, najua unacheka."

Tipene alikuwa hacheki. Alikuwa amefunika uso kwa kofia.

"Hohepa," Materoa alisema. "Sina muda mrefu. Tarehe 17 Januari saa ya ukutani ilikuwa mbele. Jenereta liliikimbiza. Nimepima mara tatu. Ishirini na tisa, thelathini na moja, ishirini na nane. Kengele niligonga kabla ya wakati. Nimewaambia hapa wote, na wote wapo wanasikia. Ulikuwa na haki ya yule mwanakondoo."

Mshale wa sekunde ulikuwa kwenye nne.

"Karibu nusu dakika," Hohepa alisema.

"Ndiyo."

"Ningemtoa kwa nne."

"Najua."

"Umeandika nini ukutani?"

"Sijaandika kitu. Ulikata mia tatu tisini na tisa. Hilo halibadiliki."

Kikasikika kitu kama kikohozi, kisha wakatambua kuwa ni kicheko chake, kile cha puani. "Vizuri, Dada. Ungeniambia mia nne ningekata simu." Halafu akasema, "Mko wote? Mapacha hawako garini?"

"Tupo," walisema mapacha kwa pamoja.

"Chai imemiminwa?"

"Imemiminwa," alisema Materoa. "Yako inapoa."

"Imwageni, mniwekee nyingine Jumatatu."

"Jumatatu haitawezekana. Saa zinarudishwa nyuma Jumapili. Utakuwa umemaliza saa nzima kabla yetu."

"Mpaka lini?"

"Jumapili ya mwisho ya Septemba, saa zikisogezwa mbele tena."

"Wewe kweli umeandika kila kitu." Sauti ilishuka. "Septemba ni mbali, Dada."

"Ni wiki ishirini na tano."

Shangazi Heni alivunja mkate wa kukaanga, akaweka kipande kando ya kikombe cha bati, mbele ya simu. Mshale wa sekunde ulipita tisa, ukapita kumi na moja. Ndani ya simu kengele ya kule ililia, nyembamba kuliko yao. Materoa alitazama ukutani: saa tisa na sekunde mbili. Walisikia mabenchi ya kule yakisukumwa, viatu vikitoka, mtu akiita jina la Hohepa mara mbili. Benchi lake halikusikika. Aliendelea kupumua kwenye simu.

Simu ilikatika saa tisa na sekunde kumi na nne.